Jiwe la Karani wa Mizani

Swali la kwanza nililoulizwa na mwenyekiti wa jopo, kabla hata hajanijulia hali, lilikuwa kama huku niliko kuna umeme wa uhakika. Nilikuwa chumbani kwangu mtaa wa Somanda, mjini Bariadi, dirisha wazi, bodaboda zikipita nje na vumbi lake. Yeye alikuwa ofisini kwake, katika nchi ya mbali yenye vinu vya nyuklia, akinitazama kupitia kompyuta. Nikamjibu kwamba umeme upo, ukikatika nina betri, na betri ikiisha nina kichwa. Wenzangu watatu wa jopo walicheka. Yeye hakucheka, nikajua keshaniweka kwenye kapu lake.

Nisimsingizie sana. Mtu akisikia kwamba mmoja wa wataalamu waliochukuliwa kwa mkataba kukagua hesabu za usalama wa kinu anafanyia kazi Bariadi, ana haki ya kushangaa. Hata hapa mtaani wanashangaa. Mpangaji wangu, muuguzi aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, alinisalimia miezi sita kwa adabu kubwa kabla hajathubutu kuniuliza kama ni kweli natengeneza mabomu. Nilimwambia sitengenezi chochote. Kazi yangu ni kusoma walichotengeneza wengine na kutafuta walipokosea, na kazi hiyo haimpatii mtu marafiki.

Nililelewa kwa pamba ya kijijini kwetu Sapiwi. Pamba ndiyo iliyonisomesha, halafu nikaenda nje kusoma zaidi, nikabaki huko karibu miaka ishirini nikifanya hesabu za joto na maji ndani ya vinu. Nilirudi kwa sababu ya baba. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, mama alikuwa ametangulia, na ndugu zangu kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutokuwepo. Nikaacha kazi ya kudumu, nikachukua nyumba Somanda tuwe karibu na hospitali, nikaanza kuishi kwa mikataba. Mkataba ukiwepo, nakaa na baba. Usipokuwepo, itanibidi nirudi nilikotoka na kumwachia mtu mwingine kazi ya kumlisha na kumgeuza. Hesabu hiyo nilikuwa nayo moyoni kila siku, hata tulipokuwa tukibishana habari za mvuke.

Mkataba huu ulikuwa hivi. Kampuni moja ya umeme huko ilikuwa na mbinu mpya ya kukokotoa kitakachotokea iwapo bomba kubwa la kinu litapasuka. Kinu kikizimwa hakipoi papo hapo. Vijiti vya fueli huendelea kutoa joto, kama jiko la mkaa ulilolimwagia majivu, na maji yakishakimbia ni lazima maji mengine yasukumwe haraka kutoka chini. Swali ni moja tu: vijiti vitapata moto kiasi gani kabla maji hayajavifikia? Mbinu ya zamani ilikuwa na woga mwingi, ikiacha nafasi kubwa kati ya hesabu na hatari. Mbinu mpya ilidai kuujua ukweli vizuri zaidi, na kwa hiyo kinu kingeweza kuendeshwa kwa nguvu zaidi. Ofisi ya serikali inayodhibiti vinu ndiyo iliyopaswa kuikubali au kuikataa. Ina wataalamu wake, lakini wengi wao walisoma darasa moja na watu wa kampuni au waliwahi kufanya kazi kwao. Ndiyo maana ikachukua watu wanne wa nje, na mwenyekiti wa kutuongoza.

Nilipomweleza baba, ambaye hajawahi kusikia habari ya kinu chochote zaidi ya kile cha kutwangia, hakushangaa hata kidogo.

"Kumbe na wewe unaangalia mizani tu, ng'wanone," alisema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Zamani, msimu wa pamba ukifika, vijiji vya kwetu vilikuwa na desturi. Siku ya kupima, wakulima walimwita mtu kutoka kijiji kingine, asiye na pamba pale, asiye na shemeji wala mtani pale, aje asimame karibu na mizani. Karani wa mnunuzi alikuwa upande wake, wakulima upande wao, na huyo mgeni katikati. Baba alikuwa akiitwa mpaka vijiji vya upande wa Nyashimo. Alikuwa mtu mgumu, mwenye ulimi mkali, na nyumbani hatukumfurahia sana kwa tabia hizo, lakini kwenye mizani ndizo walizozitaka.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hali chakula cha kijiji kile mpaka mizani ifungwe. Waliweza kuchinja kuku, harufu ikamfuata mpaka ghalani, yeye akatafuna matobolwa aliyotoka nayo nyumbani mfukoni, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa mpaka vinagonga meno. Ya pili, hapimi mizani kwa jiwe la karani. Kila karani alikuwa na jiwe lake la kupimia, limeandikwa uzito kwa rangi nyeupe, na kila asubuhi aliliweka kwenye mizani watu waone inasoma sawasawa. Baba aliuliza jiwe lenyewe lilipimwa kwa mizani gani. Mara nyingi lilikuwa limepimwa kwa mizani hiyohiyo. Basi yeye alibeba dumu tupu la lita ishirini kwenye baiskeli, akachota maji kisima cha pale pale mbele ya watu wote, akaliweka dumu kwenye mizani. Lita ishirini za maji ni kilo ishirini, ukiondoa dumu lenyewe, na maji hayana ndugu.

Miaka yote niliyosoma nje, sikuwahi kufundishwa ukaguzi kwa ufupi kama huo. Na bado nilikosea.

Kazi ilikuwa na awamu. Katika awamu ya kwanza nilipewa sura ya nane ya ripoti ya kampuni, sura ya ushahidi. Humo walionyesha majaribio yaliyofanywa zamani katika maabara, kwa vijiti vinavyopashwa moto kwa umeme badala ya fueli, halafu maji yanaingizwa kutoka chini na joto linapimwa. Mbinu mpya ilitabiri majaribio hayo vizuri ajabu. Mistari ya hesabu na mistari ya vipimo ilipandana karibu kila ukurasa. Nilikagua hesabu, nikaona ni safi, nikaandika barua kwamba sura ya nane inakubalika. Nikaweka sahihi. Nakumbuka niliridhika na nafsi yangu jioni ile, nikampikia baba samaki.

Miezi mitatu baadaye ikaja awamu ya pili na sura ya tano, inayoeleza jinsi mbinu ilivyotengenezwa. Mbinu kama hiyo ina namba ndani yake zinazosema mvuke na matone vinabeba joto kwa kasi gani, na namba hizo hupatikana kwa kuzirekebisha mpaka zikubaliane na majaribio fulani. Hilo ni halali, kila mtu hufanya hivyo. Lisilo halali ni kutumia majaribio hayohayo tena kama ushahidi kwamba mbinu inafaa.

Mimi nina ushamba mmoja ambao sijauacha. Namba muhimu huzinakili kwa mkono kwenye daftari la shule, lile la mistari. Nilikuwa nanakili majaribio ya sura ya tano, moja baada ya jingine, kasi ya maji, shinikizo, joto la kuanzia, nikafika kwenye jaribio ambalo pampu ya maabara ilisita kidogo katikati. Kwenye mchoro, mstari wa joto ulikuwa na kinundu, mfano wa nundu ya ndama. Kalamu ikasimama. Nundu ile nilikuwa nimeshaiona. Nilirudi sura ya nane, nikapekua, nikaikuta ikiwa na namba nyingine kabisa ya jaribio.

Kilichotokea hakikuwa wizi, na sijawahi kusema ni wizi. Kampuni ilikuwa na timu mbili. Timu ya sura ya tano iliyaita majaribio kwa namba za maabara. Timu ya sura ya nane iliyachukua kutoka kwenye hifadhi ya kampuni, ambako mtu fulani, miaka mingi iliyopita, aliyapa namba mpya kwa kufuata mpangilio wake. Kila timu ilidhani ina mfuko wake wa majaribio, kumbe mfuko ni mmoja. Nilitumia siku nne kulinganisha yote kwenye daftari. Ukiacha mawili, majaribio yote ya ushahidi yalikuwa yaleyale yaliyotumika kuitengeneza mbinu. Na katika hayo mawili, mbinu haikutabiri vizuri. Vijiti halisi vilipata moto zaidi ya hesabu.

Nilikaa na daftari lile mapajani nikaona aibu ya kweli. Ushahidi ule niliupitisha mimi, kwa sahihi yangu.

Nilimwambia baba wakati nikimnywesha uji. Alisikiliza, halafu akacheka, upande wa mdomo unaocheka.

"Kwa hiyo ulipima kwa jiwe la karani."

Nilikasirika. Nilimwambia si rahisi hivyo, kuna kurasa mia sita mle. Akasema hata pamba huwa nyingi. Nikaendelea kumnywesha uji, kwa sababu ukweli wa baba una tabia ya kuniudhi kwanza na kunifaa baadaye.

Nilimwandikia mwenyekiti barua ya kurasa tano na orodha ya majaribio, namba ya huku na namba ya kule. Hakujibu wiki nzima. Halafu akanipigia yeye mwenyewe, alasiri, bila wenzangu wa jopo. Siku hiyo alianza kwa kunijulia hali, akamuulizia na baba. Alisema hoja yangu ni nzuri na itaheshimiwa. Itawekwa mwishoni mwa ripoti, kwenye mapendekezo ya kazi za baadaye, kwamba siku za usoni kampuni ifikirie kuongeza majaribio. Mbinu yenyewe ikubaliwe sasa, maana ratiba imekwisha. Akanikumbusha, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba sura ya nane niliipitisha mimi, na kubadilika sasa kutaleta maswali kuhusu umakini wangu. Kisha akasema awamu ya tatu inaandaliwa, ya miaka miwili, na jina langu limo tayari kwenye orodha.

Miaka miwili. Naapa niliona sura ya baba kabla sijaona kitu kingine. Miaka miwili ya kumpeleka kliniki mwenyewe, ya kumkata kucha mwenyewe. Na nikasikia harufu ya kuku aliyechinjwa karibu na ghala, na mizani haijafungwa.

Nilimwambia nitajibu kwenye kikao. Nilipokata simu nilikuwa na hasira naye, na hasira nyingine juu yangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeutamani mkataba ule. Muuguzi alinikuta uani nikifua shuka ambazo zilikuwa safi tayari. Nikamsimulia, bila majina wala mambo ya siri. Yeye alizingatia jambo moja tu: kwamba nikisema, itabidi niseme na kosa langu. Akanikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba wodini kwao anayeandika dozi aliyokosea hufokewa siku moja, lakini anayeificha hafanyi kazi tena. Kisha akachukua shuka kwenye beseni akazianika, maana mimi nilikuwa nimesimama tu.

Siku ya kikao umeme ulikatika Bariadi nzima tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshajaza betri. Nilivaa gauni la kanisani, nikamweka baba kwenye kiti chake karibu na mlango ambako hataonekana, kwa sababu alisema anataka kusikia, ingawa Kiingereza hakijui. Kikao kilikuwa na watu wengi kuliko kawaida. Wanasheria wa ofisi walikuwepo, na watu wawili wa kampuni.

Mwenyekiti alieleza rasimu. Alipofika kwenye hoja yangu aliisoma kwa haraka kama pendekezo, akauliza kama wanajopo wote wanne wako tayari kutia sahihi. Mmoja akasema ndiyo. Wa pili akasema ndiyo. Wa tatu, mzee mpole ambaye nilimtegemea, alitazama chini kidogo, naye akasema ndiyo. Nikasema mimi siko tayari. Nikaeleza nundu, nikaonyesha daftari langu mbele ya kamera, ukurasa kwa ukurasa, na mwandiko wangu wa shule ya msingi.

Mtu mmoja wa kampuni alisema kwa heshima kwamba majaribio mawili ni machache mno kupindua mbinu nzima. Nilimjibu kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe: walikuwa na ushahidi wa majaribio mawili, na wameandika kana kwamba wana mfuko mzima. Niliona anaandika. Yeye, nadhani, alielewa kabla ya mwenyekiti.

Mwenyekiti akavua miwani. Akasema kwa kumbukumbu ya kikao kwamba mtaalamu huyu aliikubali sura hiyo kwa maandishi miezi mitatu tu iliyopita, na kwamba jopo lina haki ya kujua ashikwe kwa neno lipi, la kwanza au la pili.

"Nilikosea," nikasema. "Liandikeni hilo pia, na jina langu pembeni. Nilipima kwa kipimo nilichopewa na mwenye mali. Sitarudia kosa hilo ili tu nionekane sijabadilika."

Mtu mmoja akauliza kama mtandao wa Tanzania umekatika. Nikasema haujakatika. Nipo.

Ripoti ilitoka na sahihi tatu. Mahali pa sahihi ya nne paliachwa wazi, na kurasa zangu tano zikabandikwa nyuma kama maoni tofauti, pamoja na aya fupi niliyoiandika mwenyewe kueleza kosa langu la awamu ya kwanza. Walitaka kuiondoa aya hiyo, eti haina ulazima. Niliwaambia kurasa tano hazitoki bila hiyo. Sikutaka mtu yeyote aje aifukue baadaye kana kwamba nilikuwa nimeizika.

Awamu ya tatu ilianza bila mimi. Hakuna aliyenifukuza. Barua tu haikuja, na nilipoandika kuuliza, mwanamke wa idara ya mikataba alinijibu kwa adabu kwamba orodha imepitiwa upya. Sijarudi nje. Nafundisha fizikia shule ya sekondari, vipindi vya asubuhi, na msimu uliopita nilirudi kulima shamba la baba Sapiwi, pamba ekari tatu, mgongo wangu ukanikumbusha kwamba miaka ishirini ya kukaa kwenye kiti ina gharama yake. Sio maisha niliyoyapanga. Lakini kila asubuhi namwamkia baba "mwangaluka" kwa mdomo wangu, namgeuza kwa mikono yangu, na sijaomba radhi kwa mtu yeyote.

Kisha, juzi juzi, ikaja barua kutoka ofisi ileile. Maoni yangu tofauti yamesomwa na watu wa juu, na uamuzi kuhusu mbinu umesimamishwa. Wamechukua mtaalamu mwingine wa nje, kwa mkataba mpya, ili akague kurasa zangu tano. Nilicheka peke yangu pale mezani. Mkaguzi sasa anakaguliwa, na ndivyo inavyotakiwa. Barua iliomba jambo moja dogo: kwa kuwa muda ni mfupi, nimtumie huyo mtaalamu picha za daftari langu, ili asipoteze wiki akirudia kazi niliyokwisha kuifanya.

Nilikuwa nimeshaanza kupiga picha, ukurasa wa kwanza, wa pili, nikijisikia mtu muhimu, baba akauliza ninafanya nini. Nikamweleza. Akaniuliza huyo mtu mpya ni ndugu wa nani. Nikasema simjui, wala hanijui. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Halafu akalitazama daftari muda mrefu.

"Na hilo sasa," akasema, "si ndilo jiwe lako?"

Nikaiweka simu chini. Zile picha mbili nikazifuta. Jioni hiyo nikamwandikia yule mtaalamu barua ya mistari michache. Nilimpa majina ya ripoti za asili za maabara na mahali pa kuziomba, basi. Nikamwambia daftari langu simpi, wala asiniamini mimi kuliko anavyoiamini kampuni. Asome namba zote upya kwa macho yake, hata kama itamchukua mwezi, na akiona mimi ndiye niliyekosea mara ya pili, aandike hivyo kwa herufi kubwa. Aje na dumu tupu, achote maji yake mwenyewe.